Kabla ya Sumu Kuna Mshiko: Hotuba Kuhusu Vinyweleo vya Bakteria na Arkea

Ndugu wasikilizaji, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliofika kwa udadisi tu, asanteni kwa kuja.

Nianze na jambo linalomtokea kila mmoja wetu mara kadhaa kwa siku. Kibofu kinajaa, tunakwenda haja ndogo, mkojo unashuka kwa kasi. Mkondo ule ni kinga. Chochote kilicholegea ndani ya njia ya mkojo kinasombwa na kutupwa nje. Kwa bakteria mwenye urefu wa mikromita mbili, yaani sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita, ule ni mto uliofurika. Hata hivyo, Escherichia coli, ambaye ndiye chanzo cha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo duniani, anabaki mlemle. Mkondo unampita juu, chini na ubavuni, naye haendi popote. Ameshika. Lakini kiumbe asiye na mkono wala mguu ameshika kwa kitu gani?

Ameshika kwa vinyweleo. Mwili wake umeota nyuzi nyembamba pande zote, mara nyingi mamia, na kwenye ncha ya kila uzi pana kitu kama kiganja kinachotambua sukari iitwayo manosi. Ukuta wa kibofu chetu una protini zilizopambwa kwa sukari hiyo hiyo. Kiganja kinakutana na manosi, kinafumba, na bakteria ametia nanga.

Nimezitazama nyuzi hizi kwa miaka mingi, na leo nina dai moja la kutetea mbele yenu. Tukizungumzia vijidudu, mawazo yetu hukimbilia sumu: sumu ya kipindupindu, sumu ya dondakoo, sumu ya kifaduro. Tunasahau kwamba kabla ya sumu kuna mshiko. Bakteria aliyeshindwa kushika, mara nyingi hapati hata nafasi ya kumwaga sumu yake. Anayetaka kuelewa namna viumbe hawa wanavyoishi, wanavyougua wenyewe, wanavyougawana usugu wa dawa na wanavyotuvamia sisi, aanzie kwenye vinyweleo vyao.

Neno kwanza. Kwa Kilatini pilus ni unywele mmoja, na nywele nyingi ni pili. Kwetu neno hilo tayari lina kazi yake, ni namba inayofuata moja, kwa hiyo mimi husema vinyweleo, kama vile tulivyo navyo mikononi. Mwaka 1955 J. P. Duguid na wenzake waliviita fimbria, na maana yake ni matamvua, zile nyuzi zinazoning'inia pindoni mwa kitambaa. Miaka minne baadaye Charles Brinton akaleta jina la pili. Majina yote mawili yamebaki, na wanasayansi wameyachanganya mpaka leo. Msisumbuke nayo sana.

Kilicho muhimu zaidi ni kutovichanganya na mjeledi. Mjeledi ni ule mkia mrefu ambao bakteria huuzungusha ili aogelee; una unene wa nanomita ishirini hivi (nanomita ni sehemu moja kati ya elfu moja za mikromita) na mota yake chini. Vinyweleo ninavyovisema ni vyembamba zaidi, vingi vina nanomita saba au nane, na havizunguki. Unywele wa kichwani kwako una nanomita zipatazo elfu themanini. Ungelazimika kupanga zaidi ya vinyweleo elfu kumi, ubavu kwa ubavu, ili kufikia upana wake. Hadubini ya kawaida ya mwanga haioni kitu kilicho chini ya nanomita mia mbili hivi, na ndiyo maana vizazi vya wataalamu mahiri viliwatazama bakteria maisha yao yote na kuwachora wakiwa na vichwa vitupu. Ilibidi ingojewe hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Mara ya kwanza nilipojaribu kuviona mwenyewe, sikuviona. Nilikuwa mwanafunzi. Nilikuwa nimeotesha bakteria wangu vizuri, nikawaosha, na kwa kutaka wasiwe na mabonge nikaitikisa ile tyubu kwa mashine kwa nguvu zote, dakika nzima. Nikadondosha tone kwenye wavu mdogo wa shaba, nikaweka chumvi ya metali nzito ili mandharinyuma yawe meusi, nikaketi mbele ya hadubini. Bakteria walikuwepo, wamenona, lakini laini kama kokoto za mtoni. Nilihuzunika siku nzima. Mwalimu wangu aliuliza swali moja tu: umewatikisa? Kumbe nilikuwa nimewanyoa. Vinyweleo vinakatika kwa msukosuko wa namna hiyo, na watafiti hutumia njia hiyo hiyo kwa makusudi wakitaka kuvivuna. Nilirudia, safari hii nikichota polepole kwa mrija, na katika giza la chumba kile seli moja ikatokea imezungukwa na miale myeupe, minyoofu, kila upande, kama jua linavyochorwa na mtoto. Sijawahi kuisahau ile picha.

Sasa tutazame jinsi unywele mmoja unavyojengwa. Hapa naomba tuvute subira, kwa kuwa ndipo penye utamu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Chukua kinyweleo kile cha kibofuni, ambacho wataalamu hukiita cha aina ya kwanza. Ni mnyororo wa protini. Sehemu kubwa ni nakala za protini moja, FimA, kati ya mia tano na elfu tatu hivi, zilizojipanga kwa mzunguko kama ngazi ya kuzunguka mnara. Juu yake kuna vipande viwili vya kuunganishia, FimF na FimG, na nchani kabisa kuna kiganja chenyewe, FimH.

E. coli ana tando mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake pana uwazi mwembamba. Vipande vya kinyweleo vinasukumwa hadi kwenye uwazi huo vikiwa na kasoro ya kuzaliwa. Kila kimoja kina mfuo mrefu ulio wazi, kana kwamba fundi amesahau kuweka ubao mmoja. Kikiachwa hivyo kitajikunja vibaya na kuharibika. Hapo inakuja protini mlezi, FimC, inayoazima sehemu ya mwili wake na kuuziba ule mfuo kwa muda. Mlezi anakisindikiza kipande hadi kwa bawabu, FimD, ambaye ni tundu lililo kwenye utando wa nje. Mlangoni, mkia wa kipande kinachofuata unaingia polepole kwenye mfuo wa kipande kilichotangulia, ukimsukuma mlezi nje kidogo kidogo, mpaka unachukua nafasi yake yote. Mlezi anaondoka kwenda kuchukua kipande kingine. Kila kipande kinakamilishwa na jirani yake. Hakuna hata kimoja kinachoweza kusimama peke yake.

Angalieni pia suala la nishati. Kule kwenye utando wa nje hakuna ATP, ile sarafu ya nishati inayotumika ndani ya seli. Kinachosukuma kazi ni kukunjika kwenyewe: kipande kilichozibwa na mlezi kimezuiliwa kutulia kikamilifu, kama springi iliyobanwa, na mkia wa jirani unapoingia springi inaachiliwa. Kiganja hutoka kwanza, kisha viunganishi, kisha FimA moja baada ya nyingine, kwa hiyo kinyweleo kinaota kutoka shinani, kama unywele wa kichwani kwako. Mjeledi wa bakteria hufanya kinyume chake: protini zake hupita ndani ya bomba lake na kuongezwa nchani. Ninapofika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, maana mimi mwenyewe bado nastaajabu.

Turudi mtoni. Mkojo ukipita kwa kasi mambo mawili hutokea. La kwanza, ile ngazi ya mzunguko inakunjuka. Shina linarefuka mara kadhaa ya urefu wake, linaumeza mtikisiko, kisha mkondo ukipungua linajisokota tena. Bakteria anayumba kama mashua kwenye kamba ndefu, naye hang'oki. La pili lilithibitishwa katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002, na wengi waliona shida kuliamini: kiganja cha FimH kikivutwa, kinashika zaidi. Kina sehemu mbili, na zikiwa zimegusana shimo linalopokea manosi huwa limelegea. Mvuto unazitenganisha, na shimo linajifunga. Ni kitanzi, kadiri unavyovuta ndivyo kinavyokaza. Wakati wa utulivu bakteria anaachia na kushika, anateleza, anatafuta mahali pazuri. Mafuriko yakija ananata kama ruba.

Jambo hili mnaweza kuliona kwa macho yenu, bila hadubini ya gharama. Otesha E. coli wa maabara kwenye mchuzi wa virutubisho na uiache chupa bila kuitikisa kwa siku mbili. Juu ya mchuzi utaona utando mwembamba unaoelea: bakteria wenye vinyweleo wameshikana huko kwenye hewa. Weka tone lao kwenye kioo cheupe, changanya na tone la maji yenye hamira, kisha inamisha kioo taratibu huku na huku. Kwanza ni ukungu mtupu. Baada ya muda mfupi ukungu unaanza kukatika, chembechembe zinajitokeza, zinakuwa madonge, na katikati maji yanabaki maangavu. Hamira imefunikwa na manosi, na bakteria wameishika kutoka pande zote. Rudia jaribio, safari hii ukiwa umetia sukari ya manosi kwenye tone. Ukungu unabaki ukungu. Viganja vyote vimeshajaa sukari iliyoyeyuka, havina nafasi ya kushika kitu kingine. Kila mwaka nawafanyisha wanafunzi wangu jaribio hili, na linafundisha kuliko saa tatu za maelezo yangu.

Kushika kuna gharama yake, maana kinachoshika kinaonekana, na kinga ya mwili huvitambua vinyweleo hivi. Kwa hiyo bakteria ana swichi. Kipande cha DNA chenye herufi 314, kilicho kabla ya jeni la FimA, kinaweza kukatwa, kugeuzwa na kuunganishwa tena. Kikielekea huku, vinyweleo vinaota. Kikielekea kule, hakuna. Ndani ya kundi moja la ndugu pacha utakuta wenye nywele na wasio nazo. Na wale wanaopanda hadi kwenye figo mara nyingi wana kinyweleo cha aina nyingine, chenye kiganja cha PapG kinachotafuta sukari za figoni. Kila kiungo na ufunguo wake.

Mpaka hapa nimesema vya kushika tu. Kuna vingine vinavyovuta.

Hivi huitwa vinyweleo vya aina ya nne, na vimeenea kuliko vyote. Anavyo bakteria wa kisonono, wa homa ya uti wa mgongo, Pseudomonas aeruginosa anayevamia vidonda vya moto, Myxococcus xanthus wa udongoni anayewinda kwa makundi, na wengine wengi. Chini ya kinyweleo kuna mota mbili zinazochoma ATP: PilB inakirefusha, PilT inakirudisha ndani. Bakteria anakirusha mbele, ncha inanata, kisha anakivuta na mwili unafuata, kama mtu anayejivuta kwa kamba iliyofungwa kwenye mti. Mwaka 2000 Alexey Merz, Magdalene So na Michael Sheetz walionyesha kwa bakteria wa kisonono kwamba ni kule kuvuta kunakowaendesha. Kasi yake hufikia mikromita moja kwa sekunde. Maana yake ni kwamba takriban vipande elfu moja vya protini vinafumuliwa kila sekunde na kurudishwa kwenye utando, vikisubiri kutumika tena. Nguvu ya kinyweleo kimoja hupita pikonyutoni 100. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uilinganishe na uzito wa bakteria mwenyewe, ambao ni mdogo kuliko hapo kwa kiasi cha mara elfu kumi. Mtu wa kilo 70 mwenye nguvu za kiwango hicho angevuta tani 700. Katika mota za protini zilizopimwa, hii ni miongoni mwa zenye nguvu kubwa kabisa.

Na hawavuti miili yao pekee. Mwaka 1928 Frederick Griffith aligundua kwamba bakteria hai wanaweza kuchukua tabia kutoka kwa bakteria waliokufa, na baadaye ikajulikana kuwa wanachookota ni DNA. Wanaiokotaje? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walivipaka rangi inayong'aa vinyweleo vya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, wakaipaka DNA rangi nyingine, kisha wakapiga filamu. Kinyweleo kinatoka, ncha yake inagusa DNA inayoelea majini, inanasa, kinarudi ndani na mzigo wake. Ni uvuvi wa mshipi. Bakteria huyo amevua jeni za wafu, naye anaweza kuzifanya zake.

Kuna kinyweleo kingine kinachosafirisha DNA kutoka kwa aliye hai kwenda kwa aliye hai. Joshua Lederberg na Edward Tatum waligundua mwaka 1946 kwamba bakteria hubadilishana jeni kwa kukutana, na kifaa kinachoanzisha makutano hayo kwa E. coli ni kinyweleo cha F, kinachoweza kufikia mikromita ishirini, mara kumi ya urefu wa mwenye nacho. Ni bomba tupu ndani. Kinamgusa jirani, kinamvuta karibu, na nakala ya plazmidi, ile duara ndogo ya DNA, inahamia kwa mpokeaji. Wataalamu walibishana kwa miongo mingi kama DNA inaweza kupita ndani ya bomba lenyewe kabla miili haijagusana, na mwaka 2023 ikaonyeshwa kuwa inaweza.

Hapa ninawaomba mnisikilize kwa makini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Japani, madaktari waliowatibu wagonjwa wa kuhara damu waligundua kwamba bakteria wa Shigella walikuwa wakipata usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa mpigo. Usugu huo ulikuwa ukihama pamoja, kama kifurushi, hata kutoka kwa E. coli asiye na madhara aliye utumboni mwa mtu yuleyule. Kifurushi kilikuwa plazmidi, na njia yake ilikuwa makutano haya. Tunapomeza antibiotiki bila sababu, tunawaua bakteria wasio na kifurushi na kuwaacha uwanjani wale walio nacho, wenye vinyweleo vya kukigawa. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mengi yanayosemwa juu ya usugu wa dawa yanamfanya msikilizaji adhani kila bakteria anajifunza usugu peke yake. Wengi wanapewa na jirani.

Lakini mkono unaoshika unaweza pia kushikwa. Virusi vinavyowashambulia bakteria vimejifunza kuvitumia vinyweleo kama mlango. MS2 hunata ubavuni mwa kinyweleo cha F, M13 hunata nchani, na kinyweleo kikirudi ndani kinaweza kuwa kinamvuta adui nyumbani. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha kipindupindu. Vibrio cholerae ana kinyweleo anachokihitaji ili akusanyike kwenye utumbo mwembamba wa mtu. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na virusi, na kwamba virusi hivyo humwingia bakteria kwa kupitia kinyweleo hicho hicho. Kwa hiyo sumu iliyoua mamilioni ya watu iliingia kwa bakteria kupitia mkono wake wa kushikia. Niliposema kabla ya sumu kuna mshiko, nilikuwa na kisa hiki moyoni.

Nipite haraka kwenye aina mbili nyingine. Bakteria wenye ukuta mnene na utando mmoja, kama yule wa dondakoo na wale wa jamii ya Streptococcus, hujenga vinyweleo vyembamba sana, ambavyo vipande vyake vimefungwa kwa vifungo vya kemikali vya kudumu na kimeng'enya kiitwacho sortesi. Vile vya E. coli vimechomekana, hivi vimeungwa kama chuma na chuma. Nyuzi ziitwazo kerli, za E. coli na Salmonella, zimejengwa kwa protini za aina ya amiloidi, zile zinazofanana kimaumbo na mabaki yanayoonekana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Bakteria huzitengeneza kwa makusudi na kwa utaratibu, zikawa kama nyasi ndani ya udongo wa ukuta, zinazoshikilia utando wao wa pamoja.

Je, tunaweza kuutumia ujuzi huu kutibu? Tumejaribu, na sina budi kusema ukweli wote. Chanjo moja ya kifaduro yenye viambato vitano ina vinyweleo vya bakteria wa kifaduro miongoni mwake, nayo inafanya kazi. Kwa kisonono hali ilikuwa tofauti: chanjo iliyotengenezwa kwa vinyweleo vilivyosafishwa ilijaribiwa kwa zaidi ya wanaume 3,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalikuwa kwamba haikukinga. Bakteria yule ana akiba ya nakala za jeni la kinyweleo zisizotumika, huchota vipande humo na kubadilisha sura ya kinyweleo chake daima. Kinga ya mwili inamtafuta aliyevaa shati la jana. Na kuhusu kumeza manosi ili kuzuia maambukizi ya mkojo, wazo ambalo lile jaribio la kioo linalifanya lionekane la uhakika, utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2024, wenye wanawake 598 waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa huo, haukuona faida ya maana. Tone kwenye kioo ni kitu kimoja, kibofu cha mtu ni kingine. Ndiyo maana wakemia wanaunda molekuli zinazofanana na manosi lakini zinazokaa kwenye kiganja cha FimH kwa nguvu zaidi, na nyingine zinazomzuia mlezi na bawabu wasijenge kinyweleo kabisa. Navutiwa na njia hii kwa sababu haimuui bakteria. Inamfanya ashindwe kushika, kisha inauachia mkojo kazi yake.

Funzo la unyenyekevu nalo lipo. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba Geobacter, bakteria wa matopeni, ana vinyweleo vinavyopitisha umeme kama waya. Wengi tulifundisha hivyo. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti waliangalia nyuzi hizo kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, wakakuta waya uliokuwa mbele yao ni mnyororo wa protini nyingine, OmcS, iliyojaa molekuli za hemu zenye chuma, jamaa wa hemu iliyo kwenye damu yetu, zimepangwa moja baada ya nyingine. Umeme ulikuwa wa kweli. Jina la kinyweleo ndilo lililokuwa limewekwa mahali pasipo pake, na vitabu vilibidi virekebishwe.

Nimebakiza arkea, nao ndio nilio na hamu nao kuliko wote. Hadi mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walipolinganisha molekuli zao za RNA, walihesabiwa kuwa bakteria tu. Wanafanana nao kwa macho, lakini ni ukoo mwingine. Tazameni mkia wao wa kuogelea, uitwao akaela. Unazunguka kama mjeledi wa bakteria, na wataalamu waliuita mjeledi kwa miaka mingi. Ukiufungua, ndani yake unakuta kinyweleo cha aina ya nne kilichopewa mota ya kuzungusha: hauna tundu katikati, unaota kutoka shinani, unaendeshwa kwa ATP. Viumbe hawa walichukua mkono na kuufanya kasia. Na wanalitumia vizuri: Methanocaldococcus villosus, anayeishi kwenye chemchemi za moto za baharini, amepimwa akikata karibu urefu wa mwili wake mara 500 kwa sekunde.

Sulfolobus anaishi kwenye maji yenye asidi kali na joto la nyuzi 75 hadi 80 za Selsiasi. DNA yake ikijeruhiwa na miale ya jua, anaotesha vinyweleo maalumu vinavyowavuta wenzake wa spishi yake mwenyewe, wanakaa mabonge mabonge, na ndani ya bonge wanapeana DNA nzima ya kurekebishia iliyovunjika. Pyrodictium abyssi, anayevumilia hadi nyuzi 110, anajenga mirija yenye upana wa nanomita 25 inayounganisha seli na seli, na seli zikigawanyika mrija unabaki kati ya dada wawili.

Nimalizie na wa baridi. Karibu na Regensburg, Ujerumani, kuna chemchemi zenye salfaidi ambazo maji yake ni ya nyuzi kumi hivi. Ndani yake zinaelea nyuzi nyeupe zenye vipira vidogo kama shanga zilizotungwa. Sehemu ya nje ya kila ushanga ni bakteria wa salfa. Moyoni mwake wamejaa arkea wa aina moja, ambao leo wanaitwa Altiarchaeum. Mwaka 2005 Christine Moissl na wenzake walieleza kilichoota juu ya miili yao. Kila seli ina nyuzi zipatazo mia moja, zenye unene wa nanomita saba hadi nane na urefu wa mikromita moja hadi tatu. Wakazipa jina la hami, yaani ndoana. Shina la kila moja lina miiba mitatu mitatu inayochomoza kwa nafasi sawa, kila baada ya nanomita 46, kama seng'enge. Na nchani, badala ya kiganja cha kutafuta sukari, kuna kulabu tatu zilizopinda kuelekea nyuma, sawasawa na nanga ndogo ya mashua, ila imejengwa kwa protini na ni ndogo kuliko hadubini yoyote ya mwanga inavyoweza kuona.

Ukizikata shanga hizo na kuzitazama, seli hazijagusana. Zimekaa kwa umbali unaolingana, kila moja imesimama mahali pake, na katikati ya moja na nyingine pamejaa ndoana zilizonasana.